Mgongo wa Mfanyakazi na Mshipi Wake wa Ndani



Somo la safari hii ni juu ya mgongo, na hasa juu ya misuli inayoushika mgongo usije ukashindwa chini ya mzigo. Tumelichagua kwa sababu ya malalamiko yanayoletwa mbele ya matawi yetu mara kwa mara. Mpakizi wa magunia, mkata miwa, mchuma chai, na dada anayeketi kwenye cherehani tangu asubuhi mpaka jioni, wote hufika ofisini wameshika kiuno. Na jibu wanalopewa na wakubwa wa kazi ni lile lile: "Hukuinua vizuri. Kosa ni lako." Katika kiwanda kimoja tunachokijua, mpakizi aliyeumia alipewa barua ya onyo badala ya karatasi ya kwenda hospitali, na barua yenyewe ilisema kwamba "alitumia mwili wake vibaya".

Barua hiyo tutaijibu. Lakini kwanza tujifunze mwili wenyewe, kwa maana asiyejua jinsi mgongo unavyofanya kazi hawezi kubishana na mtu anayemwambia kwamba ameutumia vibaya.

MGONGO NI MZANI

Wengi wetu tumeuona ule mzani wa zamani wenye mkono mrefu upande mmoja na mkono mfupi upande wa pili. Jiwe dogo kwenye mkono mrefu hulingana na gunia zima kwenye mkono mfupi. Mgongo hufuata kanuni hiyo hiyo, ila kwa bahati mbaya mzigo ndio unaokaa kwenye mkono mrefu. Uti wa mgongo ni nguzo ya katikati. Misuli inayouvuta mwili usianguke mbele iko nyuma ya nguzo hiyo, umbali wa sentimita 5 hivi. Mzigo uko mbele, mikononi.

Sasa tuhesabu. Chukua mzigo wa kilo 20, uushike sentimita 50 mbele ya uti wa mgongo. Zidisha 20 kwa 50, utapata 1,000. Gawanya kwa 5. Misuli ya mgongo italazimika kuvuta kwa nguvu ya kilo 200, na pingili za kiunoni zitabanwa kwa nguvu inayozidi hiyo. Hapo hatujahesabu uzito wa kichwa, mikono na kifua chako mwenyewe, ambavyo navyo vimeinama mbele. Usogeze mzigo ule ule karibu na tumbo, sentimita 25, na misuli itavuta kilo 100. Mzigo haukupungua hata gramu moja. Kilichopungua ni umbali.

Hesabu hii yafaa iandikwe ubaoni katika kila tawi. Inaeleza pia kwa nini mkata miwa huumia hali mkononi ana panga tu: kiwiliwili chake kilichoinama ndio mzigo. Anaouinua ni yeye mwenyewe, mara mia kadhaa kwa siku.

Kati ya pingili na pingili kuna kipande cha gegedu ambacho ndani yake kina ute mzito. Kipande hicho hufanya kazi kama mpira wa kuzuia mishtuko ya gari. Usiku tunapolala, hunywa maji na kuvimba kidogo; ndiyo sababu mtu akipimwa asubuhi huwa mrefu kuliko jioni, kwa sentimita moja au zaidi. Wakati huo mgongo ni mgumu, na kuinama sana huubana vibaya zaidi. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani walieleza jinsi walivyowafundisha watu wenye maumivu ya muda mrefu wajizuie kuinama katika saa za kwanza baada ya kuamka, na maumivu yao yakapungua. Linganisha jambo hilo na desturi ya mashamba yetu, ambako watu huamka saa kumi ya alfajiri na kazi ya kwanza kabisa ni kupakia lori. Ni utaratibu uliopangwa na mtu asiyepakia.

MSHIPI WENYEWE

Sasa tuje kwenye misuli. Watu wakisikia "misuli ya tumbo" hufikiri ile inayoonekana kwa mabondia, iliyogawanyika kama matofali. Hiyo ina kazi yake, lakini iliyo muhimu zaidi kwetu haionekani. Mbele na ubavuni upo msuli mpana, mwembamba, ulioko chini ya mingine yote, unaolizunguka tumbo mfano wa kitambaa anachofungwa mama aliyejifungua. Nyuma ipo misuli midogo midogo inayounga pingili na pingili. Juu kuna kiwambo tunachopumulia, kinachotenga kifua na tumbo. Chini ipo misuli ya sakafu ya nyonga, ile tunayoikaza tunapozuia mkojo. Pande hizo nne tukiziweka pamoja tunapata chombo kilichofungwa kote. Walimu wa mazoezi hukiita kiini cha mwili. Sisi tutakiita mshipi wa ndani.

Chombo hicho hufanya kazi kama tairi. Tairi lililojaa upepo hubeba lori la tani nyingi. Upepo ukipungua, ringi hukaa chini ingawa mpira ni ule ule. Mshipi unapokazwa kidogo pande zote kwa pamoja, tumbo hujaa mkazo kwa ndani na uti wa mgongo hupata wa kumsaidia kubeba.

Mwaka 1996 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, Paul Hodges na Carolyn Richardson, walitoa habari ya kuangaliwa. Walipima misuli ya watu walipokuwa wakiinua mkono tu, bila mzigo. Kwa watu wazima wa afya, ule msuli mpana wa ndani ulikaza kabla mkono haujaanza kwenda. Yaani mwili hujifunga mshipi kwanza, ndipo ufanye kazi. Kwa watu waliokuwa wakisumbuliwa na maumivu ya mgongo, msuli huo ulichelewa. Wataalamu wamebishana tangu hapo kama kuchelewa huko ndiko kunakoleta maumivu au ni maumivu yanayoleta kuchelewa. Kwa mfanyakazi faida ni ile ile: mshipi uliolala waweza kuamshwa kwa mazoezi.

MTU ALIYEFUNGWA KAMBINI

Maarifa ya kuufunza mshipi huu yana majina mengi. Jina linalosikika sana siku hizi, katika kumbi za mazoezi za mijini wanakokwenda watu wenye fedha, ni Pilates. Wengi hudhani ni mchezo uliotungwa kwa ajili ya matajiri. La. Ni jina la mtu.

Joseph Pilates alizaliwa mwaka 1883 katika mji wa Mönchengladbach, Ujerumani, mji uliojulikana kwa viwanda vya nguo. Utotoni alikuwa dhaifu, akisumbuliwa na pumu na ugonjwa wa mifupa laini, na alijifunza mazoezi ili ajiponye. Kabla ya vita vya kwanza vya dunia alikwenda Uingereza. Vita vilipoanza mwaka 1914, Wajerumani waliokuwa Uingereza walikamatwa kwa kuwa ni raia wa nchi adui, naye akiwamo. Alifungwa katika kambi ya Knockaloe, kisiwa cha Isle of Man, kambi iliyokuwa na watu zaidi ya 20,000: mabaharia, wahudumu wa hoteli, vinyozi, mafundi, watu ambao kosa lao lilikuwa mahali walipozaliwa. Humo ndani aliendelea kuitengeneza namna yake ya mazoezi na kuwafundisha wenzake. Mazoezi mengi hufanywa sakafuni, bila chombo, na wafungwa hawakuwa na chombo. Husimuliwa kwamba hakuna mwanafunzi wake aliyekufa katika homa kuu ya mwaka 1918. Hadithi hiyo haina ushahidi, nasi hatuitumii.

Mwaka 1926 alihamia New York, na pamoja na mwenzake Clara akafungua ukumbi. Waliomfuata sana walikuwa wacheza dansi wa jukwaani, ambao ni wafanyakazi kama sisi: mwili ndio kitendea kazi, na ukivunjika hakuna mshahara. Yeye mwenyewe aliyaita mafundisho yake Contrology, kwa maana ya elimu ya kuutawala mwili. Alifariki mwaka 1967.

Baada ya kufa kwake, ukatokea mgogoro wa nani mwenye haki ya kulitumia jina lake. Mwaka 2000 mahakama moja ya New York iliamua kwamba Pilates ni jina la aina ya mazoezi, wala si mali ya mtu mmoja. Jambo hili tunalitaja kwa sababu wapo wanaotaka tuamini kwamba bila cheti cha bei kubwa na kitanda chenye springi mtu hawezi kujifunza. Mwaka 2015 wataalamu walikusanya uchunguzi wa aina 10 uliofanywa juu ya Pilates na maumivu ya kiuno. Waliona kwamba inasaidia kuliko kukaa bure, lakini hawakuona hakika kwamba inashinda mazoezi mengine. Kwa hiyo tunachukua yaliyo mema kwake, yaani kwenda polepole, kupumua, na kuutawala mwili, na mengine tunayachukua kwingine.

MAZOEZI MATANO

Yafanywe juu ya mkeka au gunia safi, baada ya kazi au wakati wa mapumziko ya mchana, si mara tu baada ya kutoka kitandani. Dakika 10 zatosha, siku tatu au nne kwa juma.

La kwanza ni kuutafuta mshipi. Lala chali, kunja magoti, nyayo chini. Weka vidole chini kidogo ya kitovu, ndani ya mfupa wa nyonga. Kohoa. Kitu kilichoruka chini ya vidole ndicho tunachokitafuta. Sasa kikaze bila kukohoa, kidogo tu, kama robo ya nguvu zako, huku ukihesabu moja mpaka kumi kwa sauti. Kuhesabu kwa sauti si mapambo. Anayeweza kuhesabu anapumua, na anayenyamaza ameziba pumzi. Kuziba pumzi hupandisha mno shinikizo la damu, na wapo miongoni mwetu wenye ugonjwa huo bila kujua.

La pili, katika hali hiyo hiyo ya kulala, inua nyonga mpaka mapaja na kiwiliwili viwe mstari mmoja. Kaa hapo kwa hesabu ya nane, shuka taratibu. Mara tano. Hili huamsha matako, ambayo ndiyo injini ya kuinua mizigo. Wengi wetu tumeyaacha yalale na kazi yote tumeipa kiuno.

La tatu ni la magoti na mikono, kama mtu anayepiga deki. Nyoosha mguu wa kulia nyuma na mkono wa kushoto mbele, hesabu nane, kisha badilisha. Mwenzako aweke kikombe cha bati chenye maji juu ya kiuno chako. Maji yakimwagika, kiuno kimepinda. Hatujaona mwalimu mzuri kuliko kikombe hicho.

La nne, lala ubavu, jiegemeze kwa kiwiko, magoti yamekunjwa, kisha inua nyonga itoke chini. Hesabu nane, mara tatu kila upande. Mwenye nguvu zaidi anyooshe miguu. Wabebaji wa bega moja waone ni upande gani ulio dhaifu, kisha wauongezee.

La tano hufanywa kwa kusimama, nalo kwa mtu wa shamba ndilo kuu. Chukua mpini wa jembe, uuweke mgongoni wima, uguse kichwa, mgongo wa juu na matako. Kaza mshipi robo. Sasa inama kwa kurudisha matako nyuma, magoti yakikunjika kidogo, kana kwamba unafunga mlango wa gari kwa makalio hali mikono imeshika vitu. Mpini ukiachana na mwili mahali pamoja kati ya hapo patatu, umekunja kiuno badala ya nyonga. Anayelijua hili amejua kuinua gunia, kuchuma chai na kuchota maji.

Wale wanaoinama siku nzima waongeze jambo dogo kila wanapofika mwisho wa mstari: simama, weka mikono kiunoni, jirudishe nyuma taratibu mara tano. Nyapara akiuliza, mwambieni ni sekunde 15.

Lile zoezi maarufu la Pilates mwenyewe liitwalo Mia, la kuinua kichwa na miguu juu na kupigapiga mikono mara 100, sisi hatumpi mwanafunzi mpya. Ni zuri kwa aliyekwisha kukomaa. Kwa mpakizi aliyetoka kazini akiwa amechoka, hukaza shingo na kupinda kiuno, basi.

Maumivu nayo yana lugha yake. Misuli kuchoka na kuwaka moto ni kawaida. Maumivu makali ya kuchoma, au yanayoshuka kwenye tako mpaka mguuni, yanasema acha. Na zipo dalili ambazo hazina mazoezi, ni hospitali siku hiyo hiyo: mkojo au choo kushindwa kuzuilika au kushindwa kutoka, ganzi sehemu za siri na kati ya mapaja, mguu kukosa nguvu. Maumivu ya mgongo pamoja na homa za usiku na kukonda yapimwe mapema, maana kifua kikuu huingia hata kwenye pingili. Aliyeanguka kutoka juu, asiguswe na mwalimu wa mazoezi. Wenye ngiri na waja wazito waongee na mganga kwanza. Mama mwenye mimba iliyokua asikae muda mrefu akiwa amelala chali, bali afanye la tatu na la tano.

NAMNA YA KUMFUNDISHA MWENZAKO

Chama hakina fedha za kuajiri walimu. Walimu ni sisi. Tumewaona watu wenye elimu kubwa wakija na picha za misuli na majina ya Kilatini, wakaondoka na hakuna aliyejua kuinama. Na tumemwona mpakizi asiyejua kusoma akiwafundisha kumi na wawili wakajua kwa juma moja. Tofauti ilikuwa katika namna ya kufundisha, nayo hujifunzwa.

Onyesha kwanza bila kusema. Fanya zoezi mara mbili polepole, wakutazame ubavuni, si usoni, kwa sababu mgongo huonekana kwa ubavu. Kisha wafanye wao. Watu wakikosea, na watakosea, usirekebishe mambo manne kwa mpigo. Chagua moja, lile linaloweza kuleta madhara. Mengine mengi hujirekebisha lile moja likinyooka.

Maneno yako yaelekeze kwenye kitu, si kwenye msuli. Ukimwambia mtu "kaza msuli mpana wa ndani", atakaza uso. Mwambie: "Jiandae kana kwamba mtoto anakurukia tumboni." Badala ya kusema "nyosha goti", sema "sukuma ardhi". Wataalamu wa kufundisha michezo wamelipima jambo hili mara nyingi: mtu anayefikiri juu ya kile anachokisukuma hujifunza vizuri kuliko anayefikiri juu ya kiungo chake. Wakufunzi wa ngoma walilijua hilo kabla ya vitabu.

Kundi lisizidi watu 15, la sivyo hutaona mgongo wa kila mmoja. Usipaze sauti kama nyapara. Watu wetu wamepigiwa kelele mchana kutwa, na mwili wa mtu anayeogopa hukaza kila kitu isipokuwa kile kinachotakiwa. Wala usimlinganishe mzee Fulani na kijana. Mzee akifanya mara mbili leo na tatu juma lijalo, ameshinda. Usimguse mtu bila kumwomba ruhusa. Akina mama wawe na kundi lao na mwalimu wao mwanamke, kwa sababu ya heshima, na pia kwa sababu mambo ya baada ya kuzaa, kama mkojo kuponyoka wakati wa kubeba, hawatayasema mbele ya wanaume, nayo ndiyo yanayotibika hasa kwa kuifunza misuli ya sakafu ya nyonga.

Mwalimu ajue pia kunyamaza. Mtu akifanya vizuri, mwache ausikilize mwili wake.

MAZOEZI HAYAPUNGUZI UZITO WA GUNIA

Sasa turudi kwenye ile barua ya onyo. Mwajiri anasema: tulikufundisha namna ya kuinua, tukakupa na mkanda wa ngozi wa kufunga kiunoni, umeumia kwa uzembe. Jibu letu lina sehemu mbili.

Kwanza, mwaka 2011 wataalamu walikusanya uchunguzi uliofanywa juu ya kuwafundisha wafanyakazi namna ya kuinua mizigo. Hawakuona ushahidi kwamba mafunzo hayo huzuia maumivu ya mgongo. Uchunguzi mwingine wa jumla, uliotolewa Marekani mwaka 2016, ulionyesha kwamba mikanda ya kiunoni haisaidii. Kilichosaidia ni mazoezi ya mwili pamoja na elimu: hatari ya kupatwa na maumivu ilipungua kwa asilimia 45 hivi, kwa muda wa mwaka. Kwa hiyo saa moja ya hotuba na mkanda wa ngozi haviwezi kumwondolea mwajiri lawama. Akitaka kusaidia kweli, atoe dakika 10 ndani ya saa za kazi zenye malipo. Huko Japani mazoezi ya redio yalianza mwaka 1928, na viwanda vingi vimefanya mazoezi kabla ya zamu kuwa desturi. Sisi tunayapenda mazoezi, lakini msimamo wetu ni kwamba yakiwa lazima, basi ni kazi, na kazi hulipwa.

Pili, hata mgongo wa mcheza dansi aliyefundishwa na Pilates mwenyewe una mwisho wake. Mkataba namba 127 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1967, unakataza mfanyakazi kutakiwa au kuruhusiwa kubeba kwa mikono mzigo ambao uzito wake waweza kuhatarisha afya au usalama wake. Pendekezo namba 128 la mwaka huo huo linasema kwamba pale mwanamume mtu mzima anapobebeshwa zaidi ya kilo 55, hatua zichukuliwe upesi kushusha kiwango hicho. Gunia la kahawa linalohesabiwa katika biashara ya dunia ni la kilo 60. Kila mtu na apime tofauti.

Lakini tusiifanye kilo 55 kuwa haki ya mwajiri. Hesabu hiyo ni ya zamani. Taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, katika kanuni yake ya mwaka 1991, ilianzia kilo 23, tena kwa hali nzuri kabisa: mzigo uko karibu na mwili, hakuna kujipinda, hakuna haraka. Ukiwa mbali na mwili, au ukiinuliwa mara nyingi kwa dakika, kiwango hushuka. Uingereza mfuko wa saruji siku hizi ni wa kilo 25. Kwetu ni 50. Saruji ni ile ile na wajenzi ni binadamu wale wale. Kilichobadilisha mfuko huko ni sheria na madai ya wafanyakazi.

Kwetu Uganda, sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2006 inamtwika mwajiri wajibu wa kulinda afya ya mfanyakazi. Na mwaka 2022 mkutano mkuu wa Shirika la Kazi la Kimataifa uliweka mazingira salama ya kazi miongoni mwa haki za msingi, ambazo kila nchi mwanachama hana budi kuziheshimu, awe ametia saini mkataba au hakutia. Viongozi wa matawi wazitaje tarehe hizo mezani.

Madai yenyewe hayahitaji fedha nyingi. Mzigo uwekwe juu ya jukwaa la kimo cha kiuno badala ya ardhini, maana hapo ndipo umbali unapopungua. Toroli lenye magurudumu mazima. Gunia zito libebwe na wawili. Kazi nyepesi ianze asubuhi, upakiaji ufuate baada ya saa moja. Cherehani zipewe viti vyenye mahali pa kuegemea, na ruhusa ya kusimama. Tumeona shamba moja likikataa toroli mbili huku likilipa vibarua wa kuziba nafasi za wagonjwa wa mgongo kila juma, nasi hatujui hesabu hiyo ilifanywa na nani.

Kila tawi lifungue daftari. Upande wa kushoto andikeni tarehe, jina la mfanyakazi na kazi aliyokuwa akiifanya. Katikati andikeni uzito wa mzigo, uliopimwa kwa mzani na si kukisiwa, pamoja na kimo ulichoinuliwa kutoka chini na mara ngapi kwa saa. Kulia andikeni maumivu yalianza saa ngapi, siku alizokosa kazi, na kama alilipwa. Mwenye daftari awe mmoja, na nakala ikae nje ya kiwanda. Barua ya onyo ikija, ambatisheni ukurasa wa siku hiyo kwenye majibu yenu, na muupeleke wote wawili, daftari na barua, kwa afisa wa kazi wa wilaya kabla ya juma kwisha.